Ukuta wa ufuoni hauzuii tsunami, unazuia watu kukimbia

Kwa Mhariri,

Assalam aleykum na salamu kwa wasomaji wote. Mie ni fundi wa mawe na simiti, naishi Kisauni, kazi hii nimeianza nikiwa kijana wa miaka 19 na sasa nina wajukuu, na karibu nusu ya kazi zangu zimekuwa ufuoni, Nyali, Bamburi, Shanzu mpaka Mtwapa, mahoteli, majumba, fleti na hizi kuta za kuzuia bahari ambazo kila mwenye ploti ya mbele anataka wake. Nimeandika barua hii kwa sababu wiki mbili zilizopita mwenye ploti mmoja alinipigia simu ati nimpandishie ukuta wake futi nne zaidi. Nikamuuliza kwani maji yameshakufikia, akasema hapana fundi, ni hizi habari za tsunami, nimeona video kwa simu sijalala, nataka nijue watoto wangu wako salama. Nikamwambia pesa yako nitaila bure. Hakupenda, akakata simu, na sijui kama ameshapata fundi mwingine wa kumjengea. Lakini mie kile nilichotaka kumwambia bado kiko kooni, ndo nakileta kwako.

Wengi tunadhani tsunami ni wimbi kama la kwenye sinema, linajikunja juu kama paa halafu linaanguka. Ukilifikiria hivo lazima uone ukuta utakusaidia, maana wimbi la kusi la kawaida ukuta unalizuia kweli, linapiga, linavunjika povu, linarudi, na jingine linakuja baada ya sekunde chache. Tsunami sio hivo. Ardhi ya chini ya bahari inapanda au kushuka ghafla, maji yote yaliyo juu yake yanasukumwa kwa pamoja, kutoka chini kabisa mpaka juu, yanaanza safari. Kwenye kina cha mita 4,000 yanakwenda kama kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege, na nahodha aliye juu yake hasikii kitu kwa sababu bahari imeinuka kidogo tu chini ya meli yake. Yakifika kwenye maji machache yanapunguza mwendo, kina cha mita 10 ni kama kilomita 36 kwa saa, lakini ya nyuma bado yanakuja mbio, yanabanana na ya mbele, hayana pa kwenda isipokuwa juu. Kwa hivo kinachokufikia ni bahari yenyewe inapanda, inaingia dakika kumi, robo saa, inaingia tu, halafu inatoka kwa nguvu ileile au zaidi, halafu inarudi tena mara ya pili na ya tatu, na mara nyingi ya kwanza sio kubwa kuliko zote.

Mwaka 2004 nilikuwa pale ufuo wa Pirates. Ilikuwa Jumapili tarehe 26 Disemba, ufuo umejaa watu wa bara waliokuja kula Krismasi, ngamia, watoto juu ya maboya, mama wa viazi karai na mihogo, mie niko na wanangu wawili. Kule Sumatra, Indonesia, tetemeko lilikuwa limeshapiga saa kumi alfajiri kasoro dakika moja kwa saa zetu, la ukubwa wa 9.1, sisi tumelala. Tukaamka, tukanywa chai, tukapanda matatu, tukafika bichi, tukaogelea, na muda wote huo maji yako njiani yanakuja, zaidi ya kilomita 6,000, masaa tisa hivi. Mchana polisi wakaanza kutoa watu, redio zinasema tokeni baharini, wengine wanacheka. Nikawatoa wangu tukasimama juu barabarani, na kutoka pale nikaona kitu ambacho sijakiona kabla wala baada, maji yakapanda mpaka mstari wa mwani, yakashuka yakaacha mashua zimelala ubavu juu ya mchanga, yakapanda tena, yani kupwa na kujaa kwa masaa sita kumefanyika ndani ya dakika chache. Hakukuwa na kelele. Hilo ndo lilinitisha zaidi.

Kenya alikufa mtu mmoja, huko Malindi. Tanzania walikufa zaidi ya kumi, Somalia karibu 300, na Bahari Hindi nzima ni kama watu 230,000. Sasa wako wanaosema sie Mungu alituhifadhi, na ni kweli, alhamdulillahi, lakini tuangalie alituhifadhi kwa vitu gani. Nguvu kubwa ya maji ile siku ilielekea kwengine. Mwamba wetu wa matumbawe kule baharini ulisaidia. Na saa ilisaidia sana, maana ile siku ilikuwa mwezi mpevu, bamvua, na mvuvi yeyote wa hapa atakuambia siku ya bamvua Mombasa maji yanapwa asubuhi saa nne saa tano na yanajaa saa kumi jioni mpaka saa kumi na moja, tofauti ya juu na chini inapita mita tatu. Wimbi lilifika maji bado yako njiani kujaa. Lingechelewa masaa matatu manne tu lingekuta bahari imejaa pomoni, ndo lipande juu ya hapo. Jiulize ile mashua iliyolala ubavu ingekuwa wapi.

Na msidhani 2004 ndo mwanzo wa mambo haya huku kwetu. Pangani, hapo tu ng'ambo ya mpaka, watafiti walichimba wakakuta tabaka la mchanga wa baharini na mifupa ya watu ndani yake, la miaka kama 1,000 iliyopita, wakaandika mwaka 2020 kwamba ni tsunami iliyopiga makazi ya watu wa pwani. Wale ni sisi, walikuwa wanavua na kujenga nyumba za udongo na miti kama mababu zetu.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Mita moja ya maji ya bahari, kwa maana ya boksi la mita moja kila upande, ina uzito wa kilo 1,025. Maji yakisimama tu bila kwenda, kimo cha mita tatu, yanaegemea ukuta kwa tani nne na nusu kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta. Chukua ukuta wa chumba cha mita tatu, wa bloku za inchi sita kama tunavojenga kila siku, hapo ni karibu tani 14 zimeegemea, tipa zima la kokoto, na hiyo ni maji yametulia. Maji yakifika kimo cha mita sita usifikiri mzigo umekuwa mara mbili, umekuwa mara nne, kwa sababu yanaegemea eneo kubwa zaidi na yale ya chini yanabanwa zaidi. Halafu yanakwenda. Mwendo nao ni hivohivo, maji yakienda kasi mara mbili yanasukuma mara nne. Ndo maana watu wanaona maji ya kiunoni wanadhani watasimama, hawasimami, ya magotini tu yakiwa na kasi yanakuangusha.

Hiyo ni nguvu ya kusukuma, ambayo kila mtu anaifikiria. Kuna ya kuinua ambayo mafundi wengi hatuifikirii kabisa. Chukua jerikeni tupu la lita 20, lifunge kifuniko, lizamishe ndani ya tangi la maji kwa mikono yako, utaona linavokusukuma, inabidi uweke mwili mzima. Sasa nyumba iliyofungwa madirisha na milango, ina hewa chini ya kila slabu, maji yamezunguka nje, ni jerikeni kubwa. Kule Onagawa, Japani, mwaka 2011, majengo ya zege na ya chuma yaling'oka na kupinduka, na kituo kidogo cha polisi cha ghorofa mbili kimeachwa pale kimelala ubavu kama ukumbusho, na mapailo yake, zile nguzo ndefu za msingi, yalikuwa chini ardhini na bado hayakukizuia. Mie nilipoona picha ya lile jengo nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu lilikuwa limejengwa vizuri kuliko mengi niliyojenga.

Ya tatu ni kula mchanga. Hii mtu yeyote anaweza kuijaribu leo jioni, nenda ufuoni usimame pale maji yanapofika kwenye vifundo vya miguu, usisogee, maji yakirudi utasikia mchanga unatoka chini ya visigino vyako na wewe unazama kidogo kidogo unayumba. Hapo ni maji ya inchi tatu na wewe ni kilo 70. Tsunami inafanya hivo kwenye kona za nyumba na chini ya msingi kwa dakika nyingi, na mbaya zaidi ni wakati wa kurudi. Msingi wa futi tatu juu ya mchanga mtupu, ambao ndo tunaochimba mara nyingi kwa sababu mwenye nyumba anataka kuokoa pesa, unabaki unaning'inia.

Na ya nne ni vitu. Maji hayaji peke yake. Yanakuja na mashua, magari, vibanda, nguzo za stima, magogo. Na sisi tuna bandari. Kontena tupu la futi 20 lina tani mbili na kitu, linaelea kama sufuria. Hata lililojaa, likiwa na tani 25 na milango yake imefungwa vizuri, nalo linaelea mpaka litakapoingia maji, kwa sababu nafasi yake ni boksi za mita moja 38, piga hesabu mwenyewe. Sasa tembea kutoka Kilindini mpaka Changamwe uhesabu makontena, halafu hesabu yale yaliyogeuzwa maduka na vibanda vya M-Pesa pembeni mwa barabara, hayajafungwa na kitu chochote ardhini. Banda Aceh, huko Sumatra, mwaka 2004 meli ya kuzalisha umeme ya tani 2,600 ilitolewa baharini ikawekwa katikati ya nyumba za watu kilomita mbili tatu ndani. Kesennuma, Japani, mwaka 2011 matangi ya mafuta ya pwani yaliinuliwa yakabebwa, mafuta yakamwagika, moto ukawaka juu ya maji usiku kucha. Kila nikipita Shimanzi nayakumbuka hayo, na ningependa wanaohusika na matangi ya pale watuambie kwa lugha ya kawaida yamefungwaje chini na yakiwa matupu yatafanya nini maji yakiyazunguka. Sisemi hayajafungwa. Nauliza.

Turudi kwenye ukuta. Miaka kama kumi na tano iliyopita nilijenga ukuta wa bahari huko Bamburi, wa mawe, mita 40 urefu, kimo futi tisa. Tajiri alikuwa na haraka. Nilimwambia tuache vitundu vya kutolea maji kila mita moja na nusu na nyuma yake tuweke kokoto kabla ya udongo, akasema vitundu vitachafua ukuta, vitaacha michirizi, wageni hawatapenda. Nikamwambia msingi uende mpaka kwenye jabali, akasema weka futi nne zinatosha. Nilikuwa na watoto shuleni, nikajenga. Haukumaliza miaka mitatu. Ilikuwa bamvua la mwezi wa nne na mvua ya masika juu yake, udongo wa nyuma ukanywa maji ukavimba, bahari ikapwa upande wa mbele, na ukuta ukalala kuelekea baharini. Haukusukumwa na bahari, ulisukumwa na maji yaliyokuwa nyuma yake yakikosa njia. Nilikwenda kuuona asubuhi, ulikuwa umelala mzima kama mlango uliong'oka bawaba, na chini yake mchanga umeliwa mpaka unaona upande wa chini wa msingi. Na hiyo ilikuwa mvua na bamvua tu. Nimebeba ule ukuta moyoni miaka yote hii kwa sababu nilijua na bado nilijenga.

Tsunami inafanya hivohivo kwa ukubwa wake. Inapita juu ya ukuta, inajaa nyuma, inachimba mguu wa nyuma ambao hakuna aliyeuimarisha kwa sababu kila mtu aliogopa upande wa mbele, halafu ikirudi inauangusha ukuta baharini. Wajapani wanajua kujenga kuta kuliko mtu yeyote. Mji wa Taro ulikuwa na ukuta wa mita 10, maji ya mwaka 2011 yakapita juu. Kamaishi walikuwa na kizuizi baharini kilichojengwa kwenye kina cha mita 63, kilimalizika mwaka 2009, miaka miwili tu kabla, na kilivunjwa. Wahandisi wao walihesabu kwamba kilipunguza kimo cha maji na kiliyachelewesha kama dakika sita. Dakika sita ni nyingi kwa mtu anayekimbia, sizidharau hata kidogo. Lakini ni dakika za kukimbia, sio ruhusa ya kukaa. Fudai geti lao la mita 15.5 liliokoa kijiji, sawa, lakini lile lilizuia bonde jembamba kati ya milima, na sisi hatuna mabonde, sisi tuna ufuo ulionyooka wazi. Ukuta wa futi tisa ukiongeza nne unapata futi 13, mita nne. Kwa pesa hiyo ningependa mtu ajengewe kitu kingine.

Kipi? Tuangalie kilichosimama. Lampuuk, karibu na Banda Aceh, kijiji kizima kilifutika mwaka 2004, ukiona picha ni uwanja mtupu wa matope na katikati yake umesimama msikiti wa Rahmatullah. Watu wa dini tunajua tuseme nini tukiuona, na mie nasema hivohivo, subhanallah. Lakini kwa jicho la fundi naona pia nguzo nene na nafasi wazi kati yake, maji yalipata njia yakapita. Hapo ndo kila kitu kilipo. Jengo la ufuoni liwe na nguzo imara chini na uwazi, chini iwe maegesho au sehemu ya kukaa, na kama lazima pazibwe basi pazibwe na ukuta mwepesi ambao maji yakija utang'oka peke yake bila kuvuta nguzo. Nguzo za duara zinasumbuliwa kidogo kuliko zile za pembe. Upande mwembamba wa jengo uangalie bahari, sio ule mpana, ijapokuwa najua kila mtu anataka kila chumba kione bahari. Msingi uende mpaka kwenye jabali la matumbawe, na huku kwetu mara nyingi jabali haliko mbali, ni kuchimba tu. Misingi ifungwe pamoja na bimu chini ili ukiliwa mchanga mmoja wenzake waushike. Ringi za nguzo, zile pete za chuma zinazofunga vyuma virefu, zifungwe karibu karibu, hasa juu na chini, na nyama ya zege iwe ya kutosha juu ya vyuma, maana nimevunja nguzo za majumba ya ufuoni za miaka 20 nikakuta chuma cha milimita 16 kimeliwa na chumvi kimebaki kama waya wa banda la kuku. Nguzo ya namna hiyo hata bila tsunami naiogopea.

Hii sio hadithi yangu mie. Wamarekani waliweka sura nzima ya mizigo ya tsunami kwenye kanuni zao za ujenzi mwaka 2016, ya majimbo yao matano ya upande wa Pasifiki, na mwaka huohuo kwenye jimbo la Washington ilifunguliwa shule, Ocosta, ambayo paa la jumba lake la mazoezi limejengwa kubeba watu kama 1,000 maji yakija. Banda Aceh yamejengwa majengo ya kukimbilia, chini wazi, juu kuna slabu pana na ngazi. Ombi langu kwa kaunti yetu ni dogo tu kwa kuanzia: mtu akileta plani ya fleti ya mstari wa kwanza wa bahari, kabla ya kupigwa muhuri aulizwe maswali mawili. Maji yakija yatapita wapi? Watu watapanda wapi? Kama injinia wake hawezi kuyajibu kwa mstari mmoja mmoja basi arudi akafikirie.

Naongeza hapo mikoko na mwamba, ingawa wengine wanaijua kuliko mie. Mwamba hauzuii tsunami kama unavozuia mawimbi ya kusi, tsunami ni ndefu mno, inapita, lakini inakwaruzwa inapungua. Sri Lanka mwaka 2004 Peraliya, ambako matumbawe yalikuwa yamechimbwa kwa ajili ya chokaa, maji yaliingia mbali kuliko Hikkaduwa jirani yake ambako mwamba ulikuwa mzima, na ni huko Peraliya treni ilibebwa na abiria wake zaidi ya 1,000 wakafa. Na sie mwamba wetu una milango, Kilindini, Mtwapa, Kilifi, kila penye mlango maji yana njia. Nyuma ya milango hiyo ndo iko mikoko, Tudor, Mikindani, Port Reitz, mililana mbele, nyuma yake mikoko, michu na mikandaa. Mizizi ile inapunguza kasi ya maji na inakamata vitu vinavobebwa. Nyumba ya mtu wa Mikindani haina ukuta wa milioni tano, ina mikoko, ikikatwa hana kitu.

Sasa jambo la mwisho, na kwangu ndo zito kuliko yote. Mwaka 2004 hakukuwa na mfumo wa onyo Bahari Hindi. Leo uko. Indonesia, India na Australia wana vituo vinavyopima tetemeko na kimo cha bahari saa zote na kutuma habari, na kwetu Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa inazipokea. Tetemeko la Sumatra linatupa masaa manane tisa. La Makran, pwani ya Pakistani na Irani, ambako mwaka 1945 lilipiga la 8.1, linatupa machache zaidi lakini bado ni masaa. Yani sisi Mombasa tuna kitu ambacho watu wa Banda Aceh hawakuwa nacho, muda. Na tuna mwinuko, Mji wa Kale na Ngome (Fort Jesus) vimejengwa juu ya jabali, hata huku Nyali na Bamburi ukiondoka ufuoni ukavuka barabara ardhi inaanza kupanda. Kinachotupotea ni ile nusu kilomita ya mwisho, kutoka mchangani mpaka juu, kwa mguu, na mtoto, na bibi mwenye fimbo.

Nimeipima. Jumapili iliyopita, baada ya ile simu, nilikwenda na mjukuu wangu wa miaka minne, nikaanza pale maji yanapofika, nikabonyeza saa ya simu nikamchukua mgongoni. Zamani hapo kulikuwa na kinjia kati ya ploti mbili, wavuvi walipita na samaki wao, nimekipita mwenyewe mara elfu nikibeba mawe. Sasa upande huu kuna ukuta na upande ule kuna ukuta, na katikati limewekwa geti la chuma na kufuli. Nikagonga. Mlinzi akaja, kijana mwenye adabu, akaniambia samahani mzee, ufunguo anao bosi na bosi yuko Nairobi. Ikabidi nizunguke na mchanga, nipite kuta sita, moja ni yangu mwenyewe niliijenga, mpaka nikafikia njia ya umma. Kufika barabarani ilikuwa dakika 23. Mtoto akaniuliza babu mbona tunakwenda mbali, nyumbani si kule.

Kutoka kwenye lile geti mpaka barabarani ni dakika tano. Chifu na wazee wa mtaa wa pale naomba wasome hapa: ufunguo wa pili ukae kwa wavuvi wa bandani, au geti liondolewe kabisa, na mie niko tayari kuja na msumeno wangu na vijana wawili kuliondoa bure siku mtakayosema.

Wako,
Fundi wa mawe, Kisauni, Mombasa